Siku Tatu Ndundu

Baba alipougua, nilikuwa mwalimu wa gofu katika klabu ya Wazungu Dar es Salaam, enzi za Mwingereza. Niliwafundisha kupiga, ingawa mimi mwenyewe sikuruhusiwa kuingia mashindanoni. Niliomba ruhusa nikapanda lori hadi Kibiti, kisha Ndundu. Kwetu Mbwara ni ng'ambo ya mto, na Rufiji ilikuwa imefurika. Pantoni ilikuwa imefungwa.

Ukingoni nilimkuta Mzungu mmoja, mwanafunzi wangu, naye amekwama. Akatoa fimbo na mpira garini.

"Mwalimu, hebu tuone kama utauvusha ng'ambo."

"Bwana, baba yangu yu mahututi."

"Mpira mmoja tu."

Sikuwa na mazoea ya kumkatalia. Nilipiga, mpira ukapaa juu ya maji, ukaangukia majanini ng'ambo. Abiria wakashangilia. Nilimrudishia fimbo yake, nikaenda kukaa peke yangu nikilia.

Nilivuka siku ya tatu. Dada yangu alinipokea njiani.

"Tumemzika juzi, kaka. Alikuulizia sana."

Nilikaa hadi hitima, kisha nikarudi klabuni kufundisha, maana kazi nyingine sikuijua.