Dagaa Wasio na Mchanga

Harufu ya dagaa wanaokaangwa kwa tangawizi na pilipili hunirudisha kwenye uwanja wetu wa nyuma pale Kirumba, saa za alasiri, moshi ukinifuata kila nilipohamisha kigoda. Mama alikuwa mwalimu wa chekechea. Akitoka kazini alivua viatu, akajifunga kanga, akakaanga dagaa wa kuwauzia abiria wa kivuko cha Kamanga. Baba alipenda kutania kwamba alioa mwalimu, akajikuta anaishi na mgahawa.

Siku moja Mzee Salum, mwenye duka la vyakula mjini, alinunua pakiti akisubiri kivuko. Akatafuna, akaturudia.

"Binti, hawa nawataka dukani. Niletee boksi zima kabla ya Idi."

Pale Mama aliitikia kwa adabu. Nyumbani aliimba mpaka kuku wakakimbia.

Wiki hiyo mvua haikukatika. Dagaa wote tuliowapata mwaloni, wanakoshusha samaki, walikuwa wameanikwa chini mchangani, na mchanga mbichi ulikuwa umewaganda. Tukawachekecha, tukawaosha, tukawakaanga. Mama akaonja mmoja, nikasikia kru! mdomoni mwake. Akaonja wa pili, taratibu, kama anayeomba.

"Hawaendi," akasema.

"Mama, si mchanga kidogo tu?"

"Utamwambia hivyo atakayevunjika jino?"

Nililia. Ndani ya boksi lile nilikuwa nimeshaona begi langu jipya la shule.

Kesho yake tukaenda dukani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Boksi liko wapi?"

"Sijaleta. Dagaa niliowapata wana mchanga."

Mzee Salum akaguna. "Idi ndiyo hii, mwalimu."

"Najua, Mzee. Ndiyo maana nimekuja mapema, utafute kitu kingine cha kuweka."

Nilikazia macho magunia ya mchele, nikitamani yanifunike. Mzee akasema, "Ukipata wazuri, njoo."

Jumamosi tulipanda meli kwenda Nansio, kwa shangazi yangu, ambaye mumewe alikuwa mvuvi. Mama hakusubiri hata chai.

"Wifi, ukinianikia juu ya vichanja, nitachukua dagaa wako msimu wote."

"Vichanja nitavitoa wapi mimi?"

"Nyavu chakavu za shemeji zinatosha. Miti tutakata sasa hivi."

Shangazi alicheka, lakini panga akalileta. Hadi jioni nyavu zilikuwa zimetandazwa juu ya miti, usawa wa kifua changu, nami nimepewa kazi ya kufukuza ndege.

Boksi la kwanza lilimfikia Mzee Salum muda mrefu baada ya Idi. Alitafuna, akaagiza jingine kabla hajameza vizuri.

Mama sasa amestaafu ualimu. Vichanja vya Shangazi na majirani zake vimeenea ufukweni, na jiko letu la uwanjani limekuwa jengo lenye wafanyakazi. Mimi ndiye ninayepokea mizigo. Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile dukani tulijiaibisha. Lakini nimeshapokea watu wengi wanaoniletea dagaa wabovu huku wakitabasamu, wakiapa kwamba ni wazuri. Ndipo nilipoelewa kwa nini Mzee Salum alikubali kutusubiri.