Meno ya Mrika na Gari la Prend

Mrika alipoteza meno manne ya mbele kwa uzazi na kwa umri, wala si kwa kipigo, ingawa kijijini kwao chini ya mlima walipenda kusema vingine. Kwa miaka mitatu alicheka kiganja kikiwa mdomoni. Akizungumza na mtu alikuwa akiinamisha uso kama anayetafuta sindano sakafuni. Na kwa miaka mitatu hiyohiyo, Prend, mumewe, alikuwa na gari.

Si gari la hivihivi. La Kijerumani, jeusi, refu kama jeneza la tajiri, viti vya ngozi tupu. Alilinunua kwa binamu yake aliyerudi kutoka Ujerumani, likiwa na umri wa miaka kumi na tisa, kwa bei ya ng'ombe wawili. Siku alipolileta alizunguka nalo kijiji kizima, kiwiko nje ya dirisha.

"Ng'ombe wawili tu!" aliwaambia wanaume mkahawani. "Lilipokuwa jipya, ungeuza kijiji hiki pamoja na kanisa lake, na bado usingefikia hata buti."

Binamu yake alikunywa raki, ile pombe kali, aliyonunuliwa, akapanda ndege. Hakuna aliyemwambia Prend kwamba gari likizeeka linashuka bei, lakini spea zake hazijui kwamba limezeeka. Zenyewe bado zinajidai ni za mawaziri. Giaboksi ilikula ng'ombe wa tatu. Taa ya mbele, tena moja, ilikula mbuzi sita. Kila ikiwaka alama mpya kwenye dashibodi, Prend alikuwa akiitazama kwa heshima, kama barua ya serikali.

Lakini ugonjwa mkubwa ulikuwa wa miguu. Gari lile halikuwa na springi za chuma kama magari ya watu. Lilikalia mifuko ya upepo, na pampu ndogo ndiyo iliyoijaza. Mifuko ilikuwa imechoka. Kila asubuhi Prend alilikuta limelaza tumbo chini, akaliwasha, akasubiri pampu ilie mpaka liinuke, upande mmoja kwanza kama ngamia.

"Prend, mgonjwa ameamkaje?" majirani waliuliza wakipita.

"Endeni zenu na hizo gari zenu za bati!"

Mrika hakuuliza. Alipanda mlimani. Kiangazi chote cha mwaka ule na cha mwaka uliotangulia alikata sherebela, yale majani ya kunukia ambayo wachuuzi huja kununua kwa magunia, mpaka viganja vyake vikawa vya kijani na kisigino kikapasuka. Alitaka kitu kimoja. Binti yake Dila alikuwa anaolewa Agosti, na harusi ya huko bila video si harusi. Video yenyewe ni ya masaa matano, na huangaliwa yote, mjini Shkodër, Milano hadi Amerika, na shangazi ambao hata bibi harusi hawamjui. Mrika alitaka asimame kwenye video hiyo kando ya bintiye, afungue mdomo, acheke kama binadamu.

Kwa hiyo alikwenda kwa daktari wa meno Shkodër, akang'ata nta ya kupimia, akachagua rangi. Meno yakatengenezwa. Yaliwekwa kwenye droo, ndani ya kijiboksi chenye jina lake, yakisubiri malipo.

Alhamisi ya juma la harusi nyumba ilijaa wanawake na sinia. Mrika alikuwa na unga hadi viwikoni. Prend alikuwa anashuka mjini kufuata raki. Mrika alimpa bahasha ya pesa.

"Baba Dila, unampa daktari hii, anakupa kijiboksi. Usipitie mahali popote."

"Nipitie wapi mimi?"

Alirudi alasiri. Mrika alifuta mikono, akapokea boksi. Lilikuwa zito mno kwa meno manne. Alilifungua mbele ya dada zake, akakuta pampu ya upepo.

Nyuma yao mafuta yaliendelea kuchemka.

"Sikiliza," Prend alisema. "Nimeshatoa neno kwa wakwe kwamba bibi harusi anatoka na gari langu. Wao wana magari ya kusombea nyanya. Ile pampu ikifa siku hiyo, nitaficha wapi uso? Meno utavaa wiki ijayo. Meno hayana haraka."

"Na video?"

"Nani atakutazama wewe mdomoni gari lile likiwa uani? Watatazama gari, mama."

Dila alikuwa mlangoni, kichwa kimejaa pini za nywele. Mrika alimtazama asaidie. Dila alisema, "Mama, si utafunga mdomo tu? Siku zote unafunga."

Jumapili waoaji walikuja, magari saba, honi, bendera, na mpiga video ananing'inia dirishani. Walikunywa, wakaimba, wakampokea bibi harusi. Dila alilia kama inavyotakiwa, akaingizwa kiti cha nyuma pamoja na Gjovalin, bwana harusi. Shangazi mmoja mwenye uzito wake akajibana kando yao. Mbele, kwenye usukani, akakaa Kolë, mjomba wa bwana harusi, na Prend alimkabidhi ufunguo kama anayekabidhi mkoa.

Gari liliinuka. Pampu mpya ililia vizuri. Prend aligeuka huku na huku kuhakikisha wanaume wote wanaona.

Kumbe pampu ilikuwa nzima, mifuko ndiyo iliyokuwa mbovu. Na pampu yenye nguvu ikitia upepo kwenye mfuko uliooza, unapasuka. Ulipasuka getini. Mlio ulikuwa kama wa risasi, na wazee wawili walishangilia wakidhani ni heshima ya harusi. Upande wa nyuma ukaketi. Wa mbele ukaufuata. Madgadi ililalia tairi, na gari likakwama hapohapo, pua nje, mkia ndani, milango ya nyuma imebanwa na nguzo za mawe. Nyuma yake magari mengine yote yamefungiwa uani.

Kolë alishuka, akavua kofia.

"Bwana Prend! Gari lako limepiga magoti. Padri yuko hapa, kama lina dhambi ya kuungama."

"Lirudisheni ndani nilitazame!" Prend alipiga kelele.

"Lirudi vipi, na bibi harusi yumo? Umewahi kuona bibi harusi akirudi kinyumenyume kwa baba yake? Unataka aachike kabla hajafika?"

Kwa hiyo ilibidi Dila apitishwe mbele. Alipenyezwa katikati ya viti, gauni kubwa kama hema, Kolë akivuta mikono, shangazi akisukuma nyuma, na mpiga video, Mungu ampe haki yake, hakukosa kitu. Kitambaa cha gauni kilinasa kwenye gia, kikachanika hadi kiunoni. Dila alitokea mlango wa dereva, taji limekaa sikioni. Wakampakia kwenye pikapu ya mkate iliyokuwa ikipita barabarani.

Prend alikuwa chini, shavu kwenye kokoto, akichungulia uvunguni. "Mfuko wa kushoto," alikuwa akisema. "Ni mfuko wa kushoto tu."

Ndipo Mrika alipocheka. Mikono yake ilikuwa imeshika sinia, hakukuwa na kiganja cha kuziba. Alicheka mpaka sinia likaanguka, kichwa nyuma, pengo lote nje, na kamera ikageuka ikamsogelea mpaka ikamjaa.

Juma la pili video ilifika kila mahali. Pampu ilikuwa haijatolewa hata stika.

Mrika alirudi mlimani. Alikata sherebela hadi Oktoba, akashuka Shkodër mwenyewe, akalipa mwenyewe. Daktari alimvisha, akakunja uso.

"Mama, ulikuja kupimwa Juni. Fizi hazisubiri, zinasinyaa. Haya hayakai tena. Itabidi tupime upya, tulipie upya."

"Nipe hayohayo."

"Yatakuumiza."

"Nimezoea."

Nyumbani Prend aliinua kichwa kutoka kwenye boneti, akamtazama. "Mjini kuna jamaa anauza mifuko ya mitumba," alisema. "Ungengoja, labda na meno ya mitumba yapo."

Mwezi wa kumi na moja Mrika alialikwa kwa wakwe, ziara ya kwanza ya mama wa bibi harusi. Dila alikuwa amepiga simu siku moja kabla. "Mama, njoo peke yako, baba asije na lile gari. Na tafadhali, usicheke."

Tereze, mama mkwe wa Dila, alimkaribisha kwa mikono miwili. Kulikuwa na kondoo wa kuchemsha, jibini, na wageni tisa. Mrika alikaa wima, midomo imebana, maana meno yalicheza kila alipovuta pumzi, na fizi zilikuwa zinatoka damu tangu kwenye basi.

"Kula, mkwe mwenzangu. Mbona umepoa? Mbona siku ile ulikuwa mchangamfu?" Tereze alichukua rimoti. "Ngojeni, wageni hawa hawajaiona."

Televisheni ya ukutani ilikuwa kubwa kama mlango. Mfuko ulipasuka, watu wakacheka. Dila alitoka kwa mlango wa dereva, watu wakapiga makofi mapajani mwa wenzao. Halafu lilikuja pengo la Mrika, likajaa ukuta mzima, na Tereze akasimamisha picha hapohapo.

"Mama," Dila alinong'ona, "nimekuomba."

Mrika alimtazama bintiye, akatazama ukuta. Alitia vidole mdomoni, akayatoa meno, yana damu, akayaweka juu ya kitambaa cheupe cha meza kati ya chumvi na mkate. Akavuta sinia la nyama, akachagua kipande laini, akaanza kula.

Dila aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo. Tereze alizima televisheni. Mrika aliomba mchuzi, na ilibidi auombe mara mbili.