Picha Yangu, Ng'ombe wa Mzee Barisa

Wasomaji, nisameheni mwandiko na makosa, shule niliishia darasa la sita.

Nilimtumia Hadija wa Hola, msichana niliyetaka kumwoa, picha yangu nimesimama katikati ya ng'ombe, nikamwandikia kwamba wote ni wangu. Sisi Wapokomo tunalima. Ng'ombe walikuwa wa jirani yetu Mworma, mfugaji, Mzee Barisa. Nilidhani ng'ombe wote wanafanana.

Mpiga picha naye akabandika nakala nje ya duka lake, hapa Garsen. Kwa kuogopa mzee asiione, nikaenda kufoka, mimi mwenye haya: "Sura ni yangu! Nani alikuruhusu?" Watu wakajaa. Mzee Barisa akapenya, akaikazia macho.

"Sura chukua," akasema. "Lakini huyu mwekundu nilimkata sikio mwenyewe kumtia alama, na huyu nilimnywesha kwa mkono mamake alipokufa. Ruhusa ya kuwapiga picha ulimwomba nani?"

Nyuma yake walisimama Hadija na baba yake, waliokuja siku hiyo kuona mifugo yangu, picha mkononi. Baba mtu hakunitazama hata kidogo.

"Mzee," akamwambia Barisa, "una kijana ambaye hajaoa?"

Tafadhali niandikieni: ile picha waliyorudi nayo Hola, naweza kuidai?