Maua Yasiyotaka Kusumbuliwa

Watu wengine wakistaafu hupumzika. Mama Pasi alistaafu, akatafuta kitu cha kusumbua, akakipata: maua ya marehemu mama yake.

Jina hilo alipewa kazini, na lilimkaa vizuri kuliko lile la kuzaliwa. Karibu maisha yake yote ya utu uzima aliyapitisha kwenye chumba cha nyuma cha hoteli moja kubwa, kule ambako wageni hawafiki, akipiga pasi mashuka, foronya na vitambaa vya meza. Joto la humo lilikuwa la kuoka mkate. Mvuke ulipanda mpaka kwenye taa, na juu ya kabati palikuwa na redio ambayo haikuzimwa wala haikusikika, maana mashine za kufulia zilikuwa zinaunguruma kutwa. Ndani ya chumba hicho ndimo ilimoota tabia yake ya kutoacha kitu kilivyo. Akiona mkunjo ataufuata mpaka uishe. Akikutana na mtu njiani kola imelala vibaya, mkono unamwasha. Mumewe, Mungu amrehemu, hakuwahi kutoka nyumbani bila kusimamishwa mlangoni na kunyooshwa mabega, hata kama anakwenda kutupa takataka tu.

Nyumba ya mama yake ilikuwa ndogo, ya vyumba vitatu, na kijia cha saruji kilichotoka kwenye geti la bati mpaka barazani. Ukingoni mwa kijia hicho ulitandaa mstari wa maua mafupi yanayotambaa, yenye vijani vinene vilivyojaa maji. Yalikuwamo meupe, mekundu, ya pinki na ya manjano, yamechanganyika yenyewe bila kupangwa na mtu. Jua likichoma yanafunguka yote, jua likilegea yanajifunga, hata uyabembeleze vipi. Watu waliyaita maua ya jua, basi, hakuna aliyehangaika kutafuta jina lingine.

Kwa Mama Pasi, mstari ule ndio uliokuwa mama yake. Akifumba macho anajiona anarudi shule jioni, mkoba unampiga kiunoni, vumbi mpaka magotini. Anasukuma geti, na mama yuko palepale, ameinama kwenye maua, kisu kidogo mkononi, vipande vya uzi vimemganda kwenye sketi. Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ilisikika mpaka barabarani.

"Umefika?" mama anauliza.

"Nimefika."

Basi, hayo ndiyo mazungumzo. Mtoto anapita mbio kwenda jikoni kufunua masufuria, na nyuma yake anasikia mama anajipangusa magoti na kuingia ndani. Kila siku ya shule ilikuwa hivyo, labda mvua inyeshe. Alikua akiamini kwamba hapakuwa na mwanamke mtaa mzima aliyependa maua kama mama yake.

Baadaye akaolewa, akahamia upande wa pili wa mji, akazama kwenye mashuka ya hoteli. Mama akafa ghafla, asubuhi moja akiwa anatia uzi kwenye sindano. Hakuugua, hakulazwa, hakuomba hata glasi ya maji. Watu walimwambia Mama Pasi kwamba hiyo ni bahati, na yeye akaitikia kwa adabu, lakini moyoni lilibaki donge ambalo halikuyeyuka. Mama alimlea tangu mchanga, naye hakupata hata siku moja ya kumuuguza.

Nyumba ikapangishwa. Wapangaji walikuja na kuondoka, kila mmoja na vituko vyake. Walimwaga maji ya sabuni kwenye yale maua, wakaegemeza baiskeli juu yake, mmoja akawa anapasulia kuni hapohapo. Hakuna aliyeyapa hata kikombe cha maji. Nayo yalichanua tu, kiangazi baada ya kiangazi, kama hayana habari na mtu.

Mama Pasi alipostaafu alirudi kwenye nyumba hiyo, na siku aliyofungua geti ilikuwa katikati ya kiangazi, jua la utosini, mstari mzima umefunguka. Alitua mizigo yake njiani akalia kwa sauti. Kisha akajifuta, akayaambia maua, "Sasa mmepata mtu."

Yalipata mtu kweli, maskini.

Kwanza akayanyweshea asubuhi na jioni, kwa ndoo na kopo lililotobolewa matundu. Akaona udongo ni mkavu na una kokoto nyingi, akautifua, akauchanganya na samadi mpaka ukawa mweusi na laini. Mchana akaona jua linayaonea, akasimika vijiti na kuyatandikia shuka kuukuu juu yake. Shuka lenyewe, bila shaka, lilikuwa limepigwa pasi. Na kila jioni, saa ile aliyokuwa akirudi shule zamani, alichukua kisu kidogo akainama ukingoni mwa kijia kama mama alivyokuwa akiinama, akatafuta magugu. Saa hiyo ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote. Mgongo ulimuuma na alifurahi kuumwa.

Maua yakaanza kufa. Vishina vililegea, vikawa vyeusi upande wa chini na kuteleza ukivishika. Alipoona hivyo akaongeza maji. Yakazidi kuoza, naye akazidi kuhangaika, akawa anaamka na kwenda kuyatazama hata kabla ya kunawa uso. Mwisho kikabaki kipande kimoja tu karibu na geti, kisichozidi upana wa mkeka wa mtoto. Hapo roho ikamruka. Aliona wazi kwamba hicho kikienda, mama anamfia mara ya pili, na safari hii mikononi mwake.

Akampigia simu mama yake mdogo.

Mama mdogo alikuwa bibi mfupi mwenye fimbo na mdomo usio na breki. Alifika siku iliyofuata jua likiwa kali, akasimama getini, akatazama lile shuka kwa muda mrefu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Kuna msiba hapa?"

"Msiba gani?"

"Naona mmetandika turubai."

"Ni kivuli cha maua, mama mdogo. Jua linayachoma."

"Yanaitwa maua ya jua, we mtoto! Ulitaka yachomwe na nini?" Akalinyanyua shuka kwa fimbo na kulitupa kando. Akachuchumaa kwa shida, akabonyeza udongo kwa kidole, kidole kikazama. "Haya yameangaliwa mpaka yameoza. Unayapa maji kila siku?"

"Mara mbili."

"Haya! Na chai ya saa nne je, unayapa?"

Mama Pasi alitaka kucheka lakini machozi yalikuwa karibu zaidi. Mama mdogo akaliona hilo, akaacha utani. Alichagua vishina vilivyobaki vizima, akavivunja kwa kucha, akavichomeka upande wa pili wa kijia kwenye mchanga mkavu ambao hakuna aliyewahi kuutia mkono. Akavigandamiza kidogo kwa kiganja, akajipangusa.

"Nilete maji?" Mama Pasi akauliza.

"Ukileta nakumwagia wewe. Yaache. Yatashika yenyewe, na yasiposhika, nitakuletea mengine. Hata haya nilimletea mimi mama yako, konzi moja tu, nimeyavunja kwenye ua wa watu niliokuwa nawafulia."

"Wewe ndiye uliyeyaleta?"

"Aliniomba. Alisema anataka maua yasiyohitaji kazi, ayachomeke kando ya njia."

Mama Pasi akaketi kwenye ngazi ya baraza. "Lakini mama alikuwa anayafanyia kazi kila siku. Nilikuwa namkuta hapohapo. Kisu mkononi, anapalilia."

"Anapalilia nini? Umewahi kuona gugu hapo?"

Akawaza. Hakuwahi. Wala hakukumbuka kuona ndoo, au kopo, au udongo kwenye mikono ya mama. Alikumbuka uzi kwenye sketi, kisu na mgongo ulioinama.

"Na saa hiyo unayorudi wewe yamekwisha kujifunga," mama mdogo akaendelea. "Nani anatunza maua yaliyolala? Hebu nikuulize, unakumbuka alivyokuwa akikungoja kule barabarani, kwenye nguzo ya taa?"

Hilo alilikumbuka kwa mbali, kama jambo aliloambiwa na mtu. Mama kwenye nguzo, mkono umekinga jua, na wasichana wenzake wakigongana viwiko.

"Ukamjia juu," mama mdogo akasema, bila ukali. "Ulikuwa na miaka minane au tisa hivi, umeshaanza kuona haya. Ukamwambia asikungoje tena, wenzako wanakucheka, wanakuita kitoto cha kunyonya. Mimi nilikuwa ninakaa nanyi, nilisikia. Hakukugombeza. Aliniambia, 'Sawa, nitarudi ndani ya geti, lakini nikisimama tu kama mlinzi atajua namngoja.' Ndipo akataka maua."

Cherehani ilikuwa ikinyamaza saa ile kila siku. Hilo nalo Mama Pasi alilikumbuka sasa, tena vizuri mno: kila alipokuwa akikaribia nyumbani hausikiki mlio, na hakuwahi kujiuliza kwa nini. Alijifunika uso kwa viganja vyake, vile viganja vilivyokomazwa na mpini wa pasi, akalia kilio cha mtoto. Mama mdogo alimwacha alie. Alikaa kando yake kwenye ngazi, akaweka fimbo katikati ya magoti, akatazama barabara.

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Alinikataza. Alisema ukijua utaanza kuzunguka kwa mlango wa nyuma. Na kweli ungezunguka, nakujua."

"Ningezunguka," Mama Pasi akakubali, akacheka na kulia kwa pamoja. Akajipangusa pua kwa upindo wa gauni. "Kwa hiyo maua yenyewe hakuyapenda?"

"Maua?" Mama mdogo akatikisa kichwa. "Siku moja nilimsifia, nikamwambia dada, yale ya manjano yamependeza kweli mwaka huu. Akanitolea macho. Akaniuliza, 'Kwani yapo ya manjano?'"