Beatha, Mkalimani wa Gonja

Watu wa Gonja walimzoea Beatha akiwa amesimama kando ya mtu mwingine. Kwa miaka mingi alikuwa mhudumu wa wodi, na daktari mgeni alipotaka kuzungumza na mzee asiyejua Kiswahili vizuri, aliitwa yeye ageuze maneno kwa Chasu, lugha ya Wapare. Huko ndiko alikojifunza kutopunguza kitu. Daktari akisema mguu utakatwa, Beatha alisema mguu utakatwa, hata kama mgonjwa alikuwa jirani yake. Alipostaafu, usharika wa Kilutheri ukampa kazi ileile ya kuwatafsiria wazee mahubiri ya wageni.

Mwaka jana, kwenye semina ya kabla ya Pasaka, mgeni alikuwa Sifael, mtoto wa kaka yake. Sifael alikulia Morogoro, Chasu anaisikia nusunusu. Alisoma chuo cha Biblia na sasa anafundisha Same mjini. Beatha alisimama kando yake kwa furaha.

Siku ya pili Sifael akafika kwenye msalaba. Alisema taratibu kwamba Kristo hakufa ili kila mtu apate tu nafasi ya kuokoka. Alikufa kuwaokoa kabisa wale aliopewa na Baba, kondoo wake. Kama angebeba hatia ya watu wote, alisema, basi asingepotea hata mmoja.

Beatha akanyamaza. Tangu darasa la kipaimara alifundishwa kwamba Kristo aliufia ulimwengu mzima, wanaoamini na wasioamini. Tena benchi la mbele alikuwepo Bibi Susana, ambaye mwanawe Rodrick alikwenda machimboni Mererani akaliacha kanisa. Sifael alidhani hakusikika, akarudia.

Basi Beatha akatafsiri yote kama yalivyosemwa. Alipomaliza akaongeza kwa Chasu, "Haya ni yake. Mimi siamini hivyo." Kisha akamgeukia Sifael, akamwambia kwa Kiswahili maneno aliyoyaongeza, maana hakutaka asimame pale bila kujua. Sifael akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuhubiri.

Jioni walikunywa chai nyumbani kwa Beatha. Beatha akamuuliza alipata wapi moyo wa kusema hivyo mbele ya wazazi wenye watoto waliopotea. Sifael hakukasirika.

"Shangazi, nilipokuwa chuoni niliugua moyo, huzuni isiyokwisha. Sikuweza hata kusali. Kama Yesu angekuwa amefungua mlango tu akaniachia kuingia mwenyewe, nisingeingia. Kilichonishika ni kwamba alinifia mimi na hataniachia."

Beatha hakuwahi kusikia habari za ugonjwa huo. Alimtazama mpwa wake, akaona kwamba lile alilolidhani ni la vitabuni kwake lilikuwa dawa. Hata hivyo akamwambia kuwa yeye akisikia neno "ulimwengu" katika Maandiko hawezi kulipunguza, kama ambavyo hakuwahi kupunguza maneno ya daktari.

Walikuwa bado hapo Bibi Susana alipopiga hodi. Sifael akasimama akamwamkia, "Shikamoo bibi," naye akaitikia marahaba. Akaketi, akamwomba Beatha ageuze maneno yake.

Alisema Rodrick hupokea simu yake mara mojamoja. Kila anapopokea, yeye humwambia, "Yesu alikufia, mwanangu." Sasa anataka kujua kama amekuwa akimdanganya.

Beatha akatafsiri. Sifael akafikiri, kisha akasema Rodrick aitwe kwa Yesu, maana anayemwendea hafukuzwi, awe nani.

Bibi Susana akasikiliza tafsiri, akasema, "Hilo silo nililouliza."

Sifael akainamisha kichwa. Beatha, ambaye angeweza kumjibia, alingoja tu.

"Sijui, bibi," Sifael akasema mwishowe. "Hakuna mtu aliyeonyeshwa kondoo ni nani. Siwezi kukuambia uache kusema hivyo."

Bibi Susana akashukuru, akasema basi ataendelea. Akanywa chai yake akaondoka.

Sifael bado anafundisha vilevile, na Beatha bado haamini hivyo. Mwaka huu Sifael alipoalikwa tena, aliomba shangazi yake ndiye amtafsirie. Walikubaliana kwamba Beatha akiwa na la kwake atalisema baada ya sala, na akalisema.

Rodrick alikuja nyumbani mwishoni mwa mwaka huu, akapiga bati upya jikoni kwa mama yake. Jumapili hakwenda kanisani, na mama hakumlazimisha. Ila akiwa juu ya paa Rodrick alimuuliza mama yake kama mhubiri yule aliyemsimulia habari zake kwenye simu hurudi. Bibi Susana akajibu kwamba hurudi karibu na Pasaka. Rodrick akaomba apewe misumari, akaendelea na kazi.