Nilifufua link za documentation Tunduma, jina likaandikwa la Zabroni

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo.

Wakuu, hili jambo nimelikalia miaka mingi na leo limenishinda. Sitaongeza chumvi. Anayetaka kuamini aamini, asiyetaka apite tu.

Kipindi hicho Songwe haijawa mkoa, sisi wa Tunduma bado tunahesabiwa watu wa Mbeya. Nilikuwa nauza kwenye duka la stationery pale Chapwa, lenye kompyuta tatu za internet. Kazi yangu kutoa photocopy, kuchapa barua na kuwaprintia madereva wa malori karatasi zao za mpakani.

Form four nilimaliza. Matokeo tusiyaongelee.

Wateja wakipungua nilikuwa najifunza programming. Mwalimu hakuna, kitabu hakuna. Kulikuwa na documentation tu, yale maelezo rasmi ya lugha yanayowekwa mtandaoni. Lugha gani siitaji, wajuzi mtanivamia.

Sasa unasoma, unafika mahali wanakwambia kwa mfano kamili bonyeza hapa. Unabonyeza. Unasubiri, mnajua internet ya enzi zile ilivyokuwa inatambaa, halafu unaambiwa ukurasa haupo.

Kuna siku niligonga meza mpaka mteja akauliza kama nimepigwa shoti.

Lakini mimi ni mbishi. Nikaanza kuzitafuta. Nikagundua kurasa nyingi hazijafa, zimehamishwa tu na aliyehamisha hakusema kazipeleka wapi. Nikanunua kaunta buku. Kushoto naandika link ya zamani, kulia ile mpya, katikati natia tiki baada ya kuifungua na kuisoma mwenyewe. Nyingine zilinichukua siku nzima.

Kumbe wenye ile documentation walikuwa wanapokea marekebisho kutoka kwa mtu yeyote. Unatuma, wanakagua, wakikubali jina lako linaingia kwenye orodha ya waliochangia.

Hapo moyo ulinidunda wakuu. Mimi cheti sina. Lile jina kwenye orodha ndilo lingekuwa cheti changu.

Tatizo likawa kufungua account. Walikuwa wanatuma namba ya kuthibitisha kwenye simu, na mimi kama wengi wa Tunduma nilikuwa natumia laini ya Zambia. Namba haikufika. Nikajaribu mara tatu, kimya.

Ndipo akaingia Zabroni. Rafiki yangu wa kufa na kuzikana, mtu wa Mbebe kule Ileje, karani kwenye ofisi ya wakala wa forodha jirani na duka letu. Alisoma chuo mwaka mmoja akaacha. Account ya mtandao uleule alifungua huko chuoni na hajawahi kuitumia.

"Tumia yangu mwanangu, shida iko wapi?"

Nikaona sawa kabisa. Ambaye hajakulia mpakani ataniona zuzu, lakini kwetu mzigo unavuka kwa jina la wakala. Mahindi ni ya mama fulani wa Itaka, karatasi zinasoma jina la mtu mwingine, na yakishavuka kila mtu anajua ni ya nani. Nimekua naona hivyo. Sikuwaza mara mbili.

Nikatuma ya kwanza, ikakubaliwa. Ya pili, ikakubaliwa. Kaunta buku likajaa nikaanza lingine. Mkaguzi mmoja akaandika kwa Kiingereza kwamba Zabroni anafanya kazi safi sana. Nikamwita Zabroni aone, tukacheka wote. Alikuwa hajui hata link moja inahusu nini.

Baadaye akaniaga, amepata kazi Dar kwenye kampuni ya software. Nilimbebea begi mpaka stendi. Nikamuuliza kapataje, akasema ni Mungu tu.

Mwaka uliofuata chuo kimoja Vwawa kikatafuta msaidizi wa kufundisha kompyuta. Nikaenda na kaunta buku zangu kwenye mfuko wa rambo. Kwenye intaviu kulikuwa na mama mmoja mpole kweli. Nikamwambia zile link nilizirekebisha mimi. Akaifungua ile orodha ya waliochangia mbele yangu, akasoma, akaniangalia.

"Wewe ndiye Zabroni?"

Nikaeleza yote. Akapekua madaftari ukurasa kwa ukurasa.

"Mwanangu, mimi nakuamini. Ila hawa wenzangu nitawaonyesha nini? Mwambie huyo mwenzio aandike barua, mistari miwili tu. Tunakusubiri mpaka Ijumaa."

Nikatoka nje nikampigia palepale. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, hiyo kazi ndiyo niliyowaonyesha hawa jamaa huku. Nikiandika hiyo barua mimi nabaki na nini? Halafu wewe ni mtu wa mpakani, unajua mwenyewe. Mzigo ni wa anayesoma kwenye karatasi."

Akakata.

Ijumaa ikapita. Kikulacho ki nguoni mwako tuliimbishwa shuleni, mimi nilidhani ni mambo ya kujibia mtihani. Nililia wakuu, sioni aibu kusema.

Funzo nililopata: kwenye mtandao hakuna cha kila mtu anajua. Kazi yako iwekee jina lako, hata kama itakuchelewesha mwezi. Na linaloniuma zaidi, laini za Tanzania zilikuwa zinauzwa kibanda cha pili kutoka dukani kwangu. Ni uvivu tu.

Sasa kilichonileta hapa leo.

Juzi nimepita kwenye ile documentation. Link yangu ya kwanza kabisa, ile ya kugonga meza, imekufa tena. Nimeshaipata ilikohamia. Siku hizi account ninayo, kwa jina langu mwenyewe. Nimeandika kila kitu, imebaki kubonyeza tuma.

Wiki ya pili hii sijabonyeza.

Najua kuna mtu mahali anajifunza peke yake na amekwama palepale nilipokwama. Na moyo wangu unaniambia mwache naye akwame. Sikuwa hivi mimi. Kazi Zabroni alichukua, sawa, ila huku kunigeuza nikawa mtu wa namna hii ndiko nimeshindwa kumsamehe.

Nikemeeni, nishaurini, nitasoma zote. Ungekuwa wewe, ungetuma?