Jina Ambalo Tumbawe Halikulitaja

Bibi yangu Agripina anaishi Magoma, kando ya mto Lwengera. Bahari hajawahi kuiona. Alipofiwa na mume alifyeka mikuyu iliyoshika udongo wa ukingoni, akapanda nyanya na vitunguu. Bustani hiyo ndiyo iliyomsomesha mjomba Erasto, mwanawe wa mwisho, mpaka chuo.

Mwaka jana mjomba alirudi na kazi ya kuwasaidia wataalamu wanaochunguza matumbawe ya Pangani, kule maji ya mto wetu yanakoishia. Alikaa jikoni akatueleza. Tumbawe hukua polepole, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hushika kemikali za maji ya mwaka wake. Wakilitoboa na kulipima wanajua bahari ilikuwa na joto kiasi gani, na mto ulimwaga udongo kiasi gani.

"Udongo wa huku kwetu?" bibi akauliza.

"Huo huo, mama. Nitajie miaka ya mafuriko, tulinganishe."

Bibi akacheka. "Kumbe shamba langu limeshafika baharini, mimi bado!" Akamtajia yote, hata mwaka aliofyeka. "Lakini hilo la mikuyu ni la humu ndani, mwanangu."

"Mama nawe! Nitamwambia nani?"

Kwenye mkutano wa kijiji mtaalamu wao, bwana Habakuki, alionyesha picha ya tumbawe. Akasema matope yaliongezeka miaka ile aliyoitaja bibi, yakaanza kuliua.

Mzee Athuman akadakia, "Nani aliyeyapeleka?"

"Tumbawe halitaji jina, mzee. Ni bonde zima."

Watu wakaguna. Bonde zima lilikuwa limekaa pale. Ndipo mjomba akasimama.

"Tusifichane. Hata mama yangu alifyeka mikuyu mwaka ule."

"Ahaa, kumbe ni mama Erasto!" mtu akapiga kelele, na wenye bustani za ukingoni wakacheka kuliko wote. Bibi alikuwa anaangalia kanga yake tu. Kijiji kikaifunga bustani yake ya kwanza. Za wengine zinasubiri kikao, mpaka leo.

Kesho yake baada ya mkutano mjomba akaja. "Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia marahaba. Alitoa kiti cha wageni, akakifuta vumbi, akakiweka barazani. Na mjomba huyu siku zote hula jikoni, anajikatia ugali mwenyewe sufuriani.

"Mama, nilisema ukweli tu."

"Karibu, mgeni," bibi akasema, akaniagiza nimletee maji ya kunawa.